Walimchora vibaya zaidi pale alipofanya la maana

Kuna katuni moja ya mwaka 1827 nimeiangalia mpaka nacheka peke yangu kama chizi. Ni buti. Buti moja refu la ngozi, na pale juu mguu unapoingilia kimechomoza kichwa cha mzee, pua imepinda kama mdomo wa mwewe, kofia ya kijeshi kichwani, basi, hana kiwiliwili hana mikono. Mzee mwenyewe ni Arthur Wellesley, Duke wa Wellington, yule aliyempiga Napoleon pale Waterloo tarehe 18 Juni 1815, na mchoraji ni William Heath. Mwaka huo Wellington alikuwa mkuu wa jeshi la Uingereza, kwa hiyo utani wa Heath ni kwamba hiki hapa ndo kichwa cha jeshi, na buti lenyewe ni ile fasheni iliyokuwa tayari inaitwa kwa jina lake. (Gambuti unazovaa mvua ikinyesha, Waingereza mpaka leo wanaziita wellington, ila za enzi zile zilikuwa za ngozi, mpira ulikuja baadaye.)

Sasa watu wakizungumzia picha hizi wanapenda kusema ona, sauti ya mnyonge, wachoraji waliwakomesha wakubwa. Mi nakubali nusu tu. Ukifuata miaka utaona kwamba picha zenye chuki kuliko zote alichorwa 1829, na kwa maoni yangu huo ndo mwaka aliofanya jambo la maana kuliko yote ya uwaziri mkuu wake.

Kabla ya hapo ilikuwa matani tu. 1822 kina mama wa Uingereza walichanga hela wakamjengea sanamu Hyde Park, Achilles, yule shujaa wa hadithi za Kigiriki, mkubwa wa shaba iliyotokana na mizinga aliyoteka vitani, sasa siku ya kufunuliwa jamaa yuko uchi! Wakamziba na jani dogo. Mchoraji George Cruikshank alifaidi sana hiyo, lakini waliochekwa ni wale kina mama na wale wazee wa maadili, Wellington mwenyewe hakuumia.

Halafu akaingia siasa kikwelikweli. Waziri mkuu toka Januari 1828, mzaliwa wa Dublin, akaona Wakatoliki wakizidi kuzuiwa kukaa bungeni, Ireland yenye Wakatoliki wengi itawaka, basi yeye na Robert Peel, waziri wake wa mambo ya ndani, ambao wote wawili walikuwa wapinzani wa jambo hilo miaka yote, wakageuka wakapitisha sheria ya kuwaruhusu, mfalme George IV analia hataki, wakamkazania mpaka akasaini. Hapo Heath akachora Katiba kama bibi kikongwe, umri miaka 141 (hesabu toka mapinduzi ya 1688 yaliyomng'oa mfalme Mkatoliki), Wellington na Peel wanambana pumzi afe. Mtu wa London hakuhitaji maelezo, maana ndo kwanza walikuwa wametoka kusoma kesi ya Burke na Hare wa Edinburgh, waliokuwa wanaua watu hivyohivyo na kuuza maiti kwa daktari wa kufundishia upasuaji, Burke alinyongwa Januari mwaka huohuo. Yaani Mkatoliki kukaa bungeni imekuwa sawa na kumuua bibi wa watu ukauze maiti yake! Kwa ufundi, nampa heshima zake. Kwa hoja, ni ubaguzi wa dini umevalishwa kichekesho.

Na haikuishia kwenye picha. Earl wa Winchilsea alimtuhumu hadharani kwamba ana hila ya kuingiza Ukatoliki nchini kwa mlango wa nyuma, na tarehe 21 Machi 1829 waziri mkuu aliye madarakani, miaka 59, akaenda viwanja vya Battersea kupigana naye kwa bastola. Risasi ya Wellington haikumpata mtu, Winchilsea akapiga hewani halafu akaandika kuomba radhi, wakarudi makwao. Wachoraji wakafurahi kama wamepewa bonasi: Wellington akageuzwa kamba kochi, kwa vile askari wa Uingereza walitaniwa hivyo kwa makoti yao mekundu, ila huyu kavaa joho la mtawa.

Kinachonichekesha ni kwamba Heath huyuhuyu miaka ya nyuma alichora vita vya Wellington kwa rangi za kupendeza, shujaa juu ya farasi, moshi wa mizinga nyuma. Ilikuwa biashara bwana. Picha inachongwa kwenye sahani ya shaba, inachapwa, inapakwa rangi kwa mkono, inatundikwa dirishani kwenye duka la Thomas McLean pale Haymarket, London, mwenye hela ananunua na asiye nayo anasimama njiani anacheka bure. Kile kikaragosi cha Paul Pry, mdaku wa kwenye tamthilia, ambacho Heath alikuwa anasainia, wengine wakaanza kukiiba mpaka akakiacha.

Mi namkubali zaidi mchoraji mwingine, John Doyle, aliyesaini HB, Mkatoliki wa Dublin. Wellington wake ana pua ileile lakini ni binadamu, mzee mkaidi anayefikiri.

Ila na yeye Wellington asionewe huruma kupita kiasi. Novemba 1830 alisimama bungeni akasema mfumo wa uchaguzi uko safi hauhitaji kuguswa, wakati kulikuwa na miji mikubwa haina hata mbunge mmoja, serikali yake ikaanguka mwezi huohuo. Aprili 1831 umati ukavunja madirisha ya nyumba yake, na mwili wa mkewe aliyefariki siku chache nyuma bado umo ndani. Akaweka mabamba ya chuma madirishani. Kumcheka kwa siasa ile, sawa. Mawe kwenye msiba, hapana.

Alipokufa Septemba 1852 yote yakasahaulika, picha za madukani zikawa za mzee mtakatifu, mazishi ya kufa mtu, na 1971 sura yake ikaingia kwenye noti ya pauni 5, safi, haina hata tone la utani. Heath alikufa 1840, hakuyaona hayo. Ila mimi ukinipa nichague ya kutundika ukutani, nachukua buti.