Faini ya Bata Mzinga

Nina ugonjwa wa kuchimba maneno. Nikipanda daladala, konda akaanza kulalamikia digadi lililopinda, mimi namgeukia abiria jirani na kumweleza kwamba hapakuwahi kuwa na digadi. Waingereza walikuja na "mudguard", sisi tukasikia madigadi, tukadhani ni mengi, tukakata "ma" tupate moja. Na wao walizifanyia njegere vivyo hivyo! Zamani walisema "pease" hata kwa punje moja. Baadaye wakaona linafanana na wingi, wakalikata mkia, ikabaki "pea". Abiria jirani huwa anashuka kituo kinachofuata.

Ndiyo maana siku ya kupeleka posa Morogoro, baba mdogo, ambaye ndiye mshenga wangu, alinipa sharti moja tu: "Ukifika, amkia, kaa, nyamaza."

Nikaamkia, nikakaa, nikanyamaza dakika arobaini na tano. Sijawahi kufikisha hata kumi. Mahari ilikuwa inaelekea kukubaliwa pale mjomba wa binti, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliposimama na kukohoa.

"Binti yetu tulimwita Nice. Maana yake mtu mwema, wa kupendeza. Na ndiyo maana yake tangu asili."

Angesema lolote ningevumilia. Hilo la asili ndilo lililoniponza.

"Samahani mjomba," nikasikia sauti, kumbe yangu, "kwa asili maana yake ni mjinga."

Bibi, ambaye tulishaambiwa hasikii vizuri, akasikia. "Nani mjinga?"

Baba mdogo akanikanyaga kidole gumba. Mwenye akili angeishia hapo, mimi nikafafanua. Kwamba chanzo ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua. Neno likapita Ufaransa, likaingia Uingereza yapata mwaka 1300 likiwa na maana ya mpumbavu. Likahamahama, mara mwenye haya, mara mchagua-chagua, hadi karne ya 18 ndipo likatulia kwenye kupendeza. "Kwa hiyo sasa hivi halina tatizo," nikamalizia.

Watu walikuwa wananitazama tu. Nikaona nijiokoe kwa mfano: "silly", ambalo leo ni neno la kumwita mtu bwege, zamani lilimaanisha aliyebarikiwa.

"Kwa hiyo," mjomba akauliza taratibu, kama anayesahihisha daftari, "ulitaka tumwite Silly?"

Nikatolewa nje nikakae na madereva. Baada ya saa nzima baba mdogo akatoka na karatasi. Mahari ilikuwa vilevile, ila chini kabisa palikuwa na mstari mpya wa kalamu nyekundu: Faini, bata mzinga mmoja, dume, mzima.

Nilimsaka siku tatu. Nilipompata sokoni ugonjwa ukapanda tena. Nikamwambia muuzaji kwamba ndege huyu kwao ni Amerika, lakini Waingereza walimchanganya na kanga waliokuwa wakiletwa na wafanyabiashara wa Uturuki, wakampa jina la nchi hiyo. Waturuki wenyewe wanamwita hindi, Wareno wanamwita peru.

"Kumbe ni wa kimataifa," akasema muuzaji. "Basi ongeza elfu ishirini."

Nikaongeza.

Jumamosi tukarudi Morogoro, bata mzinga mapajani mwangu njia nzima. Mjomba akampokea, akampima kwa macho, akanigeukia huku anatabasamu.

"Hivi bwana mkwe, kwa nini Waingereza wakampa ndege huyu jina la Uturuki?"

Kiatu cha baba mdogo kilikuwa tayari juu ya kidole changu. Jasho likanitoka. Ulimi ulikuwa unawasha kama nimelamba pilipili.

"Sijui, mjomba."

Kule ndani, nyuma ya pazia, mtu akaangua kicheko. "Asiyejua!" akasema Nice. "Basi leo na wewe ni Nice."