Damu Gani Hii Ina Iliki?

Mama mkwe alishuka kutoka Taita Jumamosi moja, raba miguuni. Mimi, kwa kutaka sifa, nikajipa kazi ya kumtembeza. Nikavaa shati jeupe na viatu vyeupe. Mke wangu akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Haya," akabaki nyumbani.

Tulianzia upande wa feri ya Likoni, hapa Mombasa, tukashika njia ya Mama Ngina kuelekea Lighthouse. Kulia bahari inagonga matumbawe, kushoto mibuyu minene ya tangu na tangu, na katikati harufu ya muhogo wa kukaanga inayomvuta mtu kwa pua. "Hapo uangalie mguu, mama," nikawa namwambia kila baada ya hatua kumi. Yeye kazaliwa milimani. Mimi ni mtu wa kisiwani, mpando wangu mkubwa ni daraja la Nyali.

Nikaingia kwenye historia. Nikamwambia Mreno alijenga Fort Jesus mwaka 1498. Mama akasimama. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba amestaafu ualimu.

"1498 ni Vasco da Gama, baba, naye alipita tu, na Mombasa hawakumtaka. Ngome ilianza kujengwa 1593. Haya, na huu mnara wa taa umejengwa lini?"

Sikujua. Ila mkononi nilikuwa nimebeba mfuko wa mabuyu mekundu aliyowanunulia wajukuu, nikatia konzi moja mdomoni. Anayemumunya buyu hajibu, na hakuna wa kumlaumu. Akauliza mlango wa bandari ya Kilindini una kina gani. Konzi ya pili. Akauliza la tatu, mashavu yangu tayari yamejaa kama ya mpiga zumari.

Karibu na mnara nikatoka njiani, nikasimama juu ya jabali nimwoneshe kwa kidole mahali meli zinapoingilia. Na kweli moja ilikuwa inaingia, ya makontena, karibu hivi kwamba niliona fulana za mabaharia zimeanikwa. Ikapiga honi.

Honi ile huisikii kwa masikio, unaisikia tumboni. Niliruka, kiatu kikateleza, nikashuka kwa makalio kiasi cha kimo changu, nikatua kwenye kichaka cha miba. Mbegu ya buyu ikanikwama kooni. Nikakohoa, na yote yaliyokuwa mdomoni yakamwagika kwenye shati jeupe.

"Damu! Anatapika damu!"

Vijana wawili wakanibeba mzobemzobe. Mmoja akatangaza kuwa nimepasuka bandama (sijui alisomea wapi). Mwingine akasimamisha tuktuk. Nilijaribu kusema "buyu", ikatoka "bu, bu", na kila "bu" ilitoka na povu jekundu. Mama mkwe kashika kichwa, anaomba kwa Kitaita. Simu zilikuwa juu, zinarekodi.

Aliyeniokoa ni mama muuza muhogo. Alikuja na kile kitambaa anachofutia mikono, akanipangusa kidevu, akakinusa. Akakinusa tena.

"Damu gani hii ina iliki?"

Kimya. Vijana wakaniweka chini, si kwa upole ule walioninyanyulia. Mama mkwe akaufungua mfuko, akachungulia. Yalibaki mawili.

"Kumbe ndiyo maana hukuwa unajibu," akasema.

Dereva wa tuktuk akadai nauli, eti abiria alishaingizwa mguu mmoja. Nikalipa. Kurudi nilirudi na kiatu kimoja, ulimi mwekundu, mama mkwe mbele na raba zake. Kila baada ya hatua kumi anageuka: "Hapo uangalie mguu, baba."

Mwezi uliofuata alikuja tena, na mfuko wangu peke yangu. Mabuyu meupe, yasiyotiwa rangi.

"Haya ni yako. Ukianguka tena, tujue moja."