Mlimani Usipande na Spika

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, milima ya Uluguru imekuwa jirani yetu. Unapanda treni ya asubuhi, chini ya saa mbili umefika, unachukua bajaji hadi mjini, na mlima unaanzia pale mji unapoishia. Jioni unarudi kulala kwako. Watu wa Dar tukisikia mapumziko tunawaza ufukweni, na kupanda mlima tunasema ni mambo ya wazungu: nani atoe hela yake akachoke? Nadhani tunajinyima. Mtu mwenye jambo zito moyoni apande Uluguru, tena apande kimya.

Nasisitiza kimya kwa sababu vikundi vya wapanda milima siku hizi ni vingi, na hilo linanifurahisha kwa dhati, lakini vingi vinapanda na spika. Muziki unaanzia chini na hauzimwi mpaka watu wamerudi mjini. Mlimani wamefika, picha wamepiga, mazoezi wamefanya. Ila ile nafasi ya kukaa na nafsi yako, ambayo mjini huipati hata kwa kulipia, imewapita.

Njia ya Morningside, ile nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani, haitaki kamba wala vifaa. Inataka viatu visivyoteleza, maji ya kutosha na uvumilivu. Mwanzo ni kazi ngumu. Jasho linatiririka, moyo unadunda mpaka unausikia masikioni, na kichwa bado kinabishana na watu uliowaacha Dar. Endelea tu, polepole. Baada ya muda miguu na pumzi vinapatana, na yale mabishano yanaishiwa nguvu yenyewe. Mawazo hayaondoki, na sidhani kama ni sawa kutaka yaondoke. Yanakuja moja moja, na kila moja unapata wasaa wa kulimaliza.

Mara ya mwisho nilipanda na suala la mama. Tangu mzee afariki, sisi watoto tumekuwa tukimbembeleza ahamie kwetu mjini, naye hataki. Nilikaa kwenye jiwe kando ya Mto Morogoro, miguu ndani ya maji, maji ya baridi yanayouma hadi kwenye mfupa. Akapita mama mmoja anashuka, tenga la mboga kichwani, kanga ameifunga kiunoni, miguu peku, anakanyaga mawe bila kuyatazama. Nikamwamkia.

“Marahaba, mwanangu. Mbona umekaa peke yako, unaumwa?”

“Hapana mama, napumzika tu.”

“Haya, pumzika. Mimi nawahi soko.”

Akaenda zake. Mlima ninaopumzikia mimi ndio anaofanyia kazi yeye, na hilo mpandaji yeyote anapaswa kulikumbuka kabla hajakanyaga tuta la mtu akitafuta picha nzuri. Kwa Waluguru ardhi kwa desturi hufuata ukoo wa mama, kwa hiyo shamba analolima mwanamke kule juu mara nyingi ni la upande wake, la bibi zake. Nikabaki pale nikimfikiria mama yangu na migomba yake. Kumbe nyumba yangu hana neno nayo. Asichotaka ni kuliacha shamba lake. Ni jambo dogo, tena liko wazi, lakini miezi yote ya kupigiana simu na ndugu zangu hatukuwa tumeliona.

Ukitaka kupanda zaidi, kuingia msitu wa hifadhi wenyewe, unahitaji kibali cha TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na mwongozaji. Huko ndiko kwenye kimya hasa. Ukungu unatua juu ya miti, majani yanalowa, matone yanadondoka hata siku isiyo na mvua, na ardhi yenye majani yaliyooza inayanywa taratibu na kuyatoa chini kama vijito. Kijito kinaingia Mto Morogoro, Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na Ruvu ndio unaotunywesha Dar. Tuliokuwa na ndoo tupu wakati wa mgawo wa mwaka 2022, Ruvu ulipopungua, tuna haki ya kuuona msitu huu kwa macho yetu, na wajibu wa kuutunza.

Kuna pia ndege ambaye duniani kote anaishi katika milima hii tu. Bado sijamwona. Kwa kelele tunazopanda nazo, sishangai.

Kwa hiyo ninyi mnaoongoza vikundi, nawaomba jambo moja. Muziki upigeni kwenye basi mkija, na upigeni tena mkirudi. Nami nitaimba pamoja nanyi. Ila kuanzia mashamba ya mwisho kwenda juu, zimeni spika, acheni watu watembee wakiwa wameachana hatua kadhaa, na mkifika mtoni wapeni nusu saa ya kukaa kila mtu pake. Atakayeona hiyo nusu saa ni ndefu, huyo ndiye aliyeihitaji zaidi, msimharakishe.