6174: Ajabu ya Namba au Ajabu ya Maandishi?

Chukua namba yoyote ya tarakimu nne, mradi tarakimu zake zisiwe zote nne sawa. Tuseme 3524. Zipange kuanzia kubwa, upate 5432, zipange kuanzia ndogo, upate 2345, kisha toa. Jibu ni 3087. Rudia, na sifuri ya mbele usiiache: 8730 toa 0378 ni 8352. Tena: 8532 toa 2358 ni 6174. Hapo hutoki, maana 7641 toa 1467 ni 6174 ileile. Anza na namba nyingine, utafika palepale, wala hutazidi hatua saba.

Aliyeligundua jambo hili mwaka 1949 ni D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko Devlali, India. Wapo wanaoiona 6174 kuwa namba ya pekee, na wapo wanaoiona mchezo mtupu.

Wanaoiita mchezo wana hoja nzito. G. H. Hardy, mwanahisabati wa Uingereza, katika kitabu chake cha 1940, alitaja kwamba 8712 na 9801 ndizo namba pekee za tarakimu nne zilizo vigawe vya namba zao zikigeuzwa (8712 ni 2178 mara nne), akaona hakuna humo cha kumvutia mwanahisabati. Kupanga tarakimu ni kushughulikia jinsi namba ilivyoandikwa, si namba yenyewe. Jaribu kwa mfumo wa kompyuta, wenye 0 na 1 tu. 1000 toa 0001 ni 0111, yaani 7, na 1110 toa 0111 hurudi 0111. Lakini 1100 toa 0011 ni 1001, yaani 9, nayo haisogei. Vituo viwili, na 6174 haimo. Linganisha na 1729, namba ndogo kuliko zote iliyo jumla ya vipeo vya tatu vya namba nzima chanya kwa njia mbili: 1³ + 12³ na 9³ + 10³. Hilo ni kweli hata ukiiandika kwa tarakimu za Kirumi.

Nakubali, lakini nusu tu. Kinachonizuia ni swali la kwa nini. Ziite tarakimu a, b, c, d, kubwa hadi ndogo. Ukitoa, jibu daima ni 999 × (a − d) + 90 × (b − c). Tofauti mbili tu ndizo zinazoamua kila kitu! Na jozi za tofauti hizo ni 54 pekee, kwa hiyo karibu namba elfu kumi zinabanwa kuwa 54 kwa hatua moja. Kwa 6174 yenyewe, 7 − 1 ni 6 na 6 − 4 ni 2: 5994 jumlisha 180.

Namba zikiwa na kikomo, mwendo wa namna hii lazima uishie kwenye mzunguko. Kisicho lazima ni mzunguko kuwa mmoja, tena wa namba moja. Kwa tarakimu mbili unazunguka bila kutulia: 81, 63, 27, 45, 09, kisha 81 tena. Kwa tano hakuna kituo kabisa. Kwa sita vipo viwili, 549945 na 631764, pamoja na mzunguko pembeni.

Kwa hiyo nadhani kipimo cha Hardy kinaipima namba, ilhali kinachostahili kupimwa ni utaratibu wenyewe. Katika kuhesabu kwa makumi, ni tarakimu tatu, zinazoishia 495, na tarakimu nne tu ndizo zenye kituo kimoja kinachozikusanya zote.