Tangazo la zamu ya maji likae kwenye faili, si kwenye grupu

Februari 2025 shangazi yangu wa Mbokomu alikosa zamu yake ya maji. Kwa msiokulia milimani huku Moshi: mfongo ni mfereji waliouchimba wazee kuyatoa maji mtoni hadi kwenye vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, na kila kaya ina saa zake za kufungulia. Kingo zilikuwa zimebomoka mahali fulani, kamati ikapanga zamu upya, na tangazo likatumwa kwenye grupu la WhatsApp Ijumaa usiku. Kufika asubuhi lilikuwa limefunikwa na pole za msiba, hongera za kipaimara na video ambazo hata sijui zilitoka wapi. Shangazi alipoonyeshwa, maji yalikuwa yameshapita kwa jirani. Mwezi wa jua kali namna ile, mchicha na maharage yake hayakuvumilia.

“Mwanangu, hilo tangazo mlilificha wapi?” aliniuliza. Ndimi ninayeiandikia kamati matangazo, na swali lake limenikaa moyoni mpaka leo.

Tangu hapo nimeacha kuandika tangazo ndani ya grupu. Kila tangazo ni faili moja la maandishi matupu, ndani ya folda inayoitwa matangazo. Mstari wa kwanza ni kichwa, wa pili tarehe na saa, kisha nafasi, kisha habari yenyewe. Nikimaliza nafungua terminali, dirisha la kuandikia kompyuta amri, naandika amri moja, na kiprogramu nilichokiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, kinapitia folda, kinapanga kuanzia jipya hadi la zamani, kinatoa faili moja la XML, yaani maandishi yenye alama zinazosomeka na programu nyingine. Hilo ndilo mlisho. Nalipandisha kwenye seva, na yeyote mwenye programu ya kusoma milisho kwenye simu yake analipata tangazo peke yake, bila pole wala hongera juu yake, na bila kumpa mtu namba yake ya simu.

Milisho si kitu kipya. Inaandikwa kwa miundo miwili inayojulikana, RSS na Atom. RSS ilianzia Netscape, kampuni ya kivinjari cha intaneti, mwaka 1999, toleo la 2.0 likaja 2002, na Atom ikawekwa kuwa kiwango rasmi Desemba 2005. Google ilipofunga Google Reader tarehe 1 Julai 2013, wengi walidhani mambo yameishia hapo. Lakini iliyofungwa ilikuwa programu ya kusomea tu. Podikasti nyingi unazosikiliza ukiwa kwenye daladala ya Kiboriloni bado zinasafiri kwa RSS.

Kati ya hizo mbili mimi nachagua Atom, na sababu yangu inatokana na Kiswahili. RSS 2.0 inataka tarehe iandikwe kwa vifupisho vya Kiingereza: Fri, 14 Feb 2025 20:15:00 +0300. Kompyuta yangu nimeiweka kwa Kiswahili, kwa hiyo programu ikiiomba jina la mwezi inapewa “Mei” badala ya “May”, “Ago” badala ya “Aug”, “Des” badala ya “Dec”. Programu nyingine za kusoma milisho zinaipokea, nyingine zinaitupa tarehe yote, na tangazo linaangukia chini ya orodha kana kwamba ni la zamani. Niliitafuta hitilafu hiyo siku mbili nzima. Atom inataka tarakimu tu: 2025-02-14T20:15:00+03:00. Hakuna mwezi wa kutafsiri. Mimi naandika “saa mbili na robo usiku” kama tunavyosema, programu inaigeuza kuwa 20:15 na kuweka alama ya saa za Afrika Mashariki, +03:00, mwishoni. Kazi hiyo ni ya programu, na mkulima asilazimishwe kuhesabu saa kwa namna isiyo yake.

Jambo la pili ni kitambulisho. Katika Atom kila tangazo lazima liwe na kitambulisho kisichobadilika maisha yake yote. Mwanzoni nilikitengeneza kutokana na kichwa cha habari. Nikasahihisha herufi moja kwenye kichwa, na kwenye simu za watu tangazo lilelile likaingia mara ya pili kama jipya. Fikiria mtu aliyeko Dar es Salaam mwenye kihamba huku, anasoma mara mbili kwamba mchango wa kukarabati mfereji unatakiwa: atauliza kama ni michango miwili. Sasa kitambulisho kinatokana na jina la faili, na jina la faili siligusi.

Halafu bando. Kuandika hakuhitaji intaneti hata kidogo. Umeme ukikatika naendelea kwa betri. Mlisho wa matangazo 20 ni kilobaiti chache. Na simu ya msomaji ikiuliza vizuri kama kuna kipya, seva inajibu 304, yaani hakuna kilichobadilika, na faili halishuki tena.

Najua pingamizi: wazee hawana programu za kusoma milisho. Ni kweli, shangazi hana. Lakini mafaili yaleyale ndiyo ninayoyachapisha kwenye karatasi inayobandikwa dukani, ndiyo yanayotoa ukurasa wa tovuti, na mjukuu wake amejiunga na mlisho anamsomea jioni. Grupu nalo lipo, tunapeana pole na hongera kama kawaida. Ninachokataa ni grupu kuwa ndiyo kumbukumbu pekee ya zamu za maji, mali ya kijiji kizima, ikategemea nani hajabadilisha simu.

Wiki iliyopita mvua ilileta matope kwenye banio, pale maji ya mto yanapoingizwa mferejini, na zamu ya Jumamosi ikasogezwa Jumapili. Nilifungua faili lilelile, nikabadilisha siku, nikaongeza saa ya masahihisho, nikatoa amri. Kitambulisho kilibaki kilekile, kwa hiyo tangazo la kwanza halikubaki likielea na kumpotosha mtu. Jumapili saa moja asubuhi nilimpigia shangazi. Alikuwa ameshafika mferejini na jembe lake.