Mtoto Wangu, Kipaza Sauti na Baba Mwenye Nyumba

Kwa kuwa shoga yangu ameshalimwaga kwenye grupu la WhatsApp, tena kwa toleo lake la kwamba nilipita meza kwa meza Kwa Mrombo, kule kwenye nyama choma hapa Arusha, nikiomba nauli, acheni niwape lenyewe. Sikupita meza hata moja. Aliyepita ni kitindamimba wangu, na wala hakuomba. Alihojiwa.

Mnaonifuata tangu tuko Voi mnajua kilichotuvusha mpaka wa Holili hadi Arusha: kazi ya mume. Mnajua na nilivyolia niliposikia kwamba huyu baba mwenye nyumba hataki kodi ya mwezi kwa mwezi, anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Tulikuwa tumemlipa wiki hiyohiyo. Kilichobaki ni unga, maharage, na Jumapili yenye watoto wawili wanaotaka kutoka.

Sasa kutoka na watoto kwenda kula nyama choma kuna kanuni zake, na nilizifuata zote, ndiyo maana roho inaniuma. Kwanza, nyama usiisubiri mezani uletewe. Unakwenda mwenyewe dirishani kwa muuza nyama, unachagua kipande, kinapimwa kikiwa kibichi pamoja na mfupa wake, ndipo kinapanda jikoni. Kilo ya mbuzi ikitoka motoni imenywea, kwa hiyo mama na watoto wawili msijidanganye na nusu kilo. Omba paja. Mbavu ni tamu, lakini mtoto wa miaka minne ataulamba mfupa, atakukabidhi, halafu atasema bado ana njaa. Na mchomaji usimharakishe. Ukimsukuma atakupa nyama iliyoungua nje na mbichi ndani, mtoto aiteme mbele za watu. Jumapili jioni jiandae kukaa saa nzima.

Hiyo saa ndiyo inayoua. Kwa hiyo unatanguliza kilichoiva tayari. Supu ipo sufuriani tangu asubuhi, inafika upesi. Sema wagawe kwenye bakuli mbili ipoe, na pilipili ikae pembeni. Kisha chipsi kavu. Zege, yaani chipsi mayai, achana nayo, inakaangwa sahani moja moja na foleni utaiona mwenyewe. Kachumbari ya watoto itaje mapema kwamba haina pilipili, maana ikishachanganywa, kuokota vipande ni kazi bure, ukali umeshaingia kwenye maji ya nyanya. Viti vya watoto usivitafute. Chukua viti viwili vya plastiki, pachika kimoja juu ya kingine, mtoto atafika mezani na kiti kitakuwa kizito kidogo, hakipinduki ovyo. Kaa mbali na jiko na mbali na spika. Julai hii ukisahau sweta, kibaridi cha Arusha kitakufukuza kabla ya nyama.

Nilikaa mbali na spika. Ya baa. Sikujua kwamba kikao cha harusi kwenye meza ndefu kule nyuma kilikuwa na ya kwao.

Chipsi zikaisha, soda zikaisha. Mkubwa, ambaye bado anahesabu kwa pesa za Kenya, aliposikia soda ni elfu moja alishika kichwa kama mtu aliyefiwa. Mdogo yeye akataka ya pili. Nikawaambia hakuna hela, mpaka mwisho wa mwezi. Mzazi gani hasemi hivyo? Huyo anayecheka, nakuona.

Nikamwacha mkubwa amlinde mdogo (akalinda sahani tupu ya chipsi), nikaenda dirishani. Namwelekeza mchomaji akate ya watoto ndogo ndogo, akatishe nyuzi za nyama zisije zikawa kamba mdomoni, na apekue vile vijifupa vinavyobaki shoka likipita. Nikasikia kwenye spika: "Jamani, tuna mgeni!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka, ndugu zangu.

"Mama yako yuko wapi, mwanetu?"

"Kwenye nyama."

Sauti ile naijua. Niliizaa mwenyewe.

"Mbona hurudi mezani kwenu?"

"Kule soda hakuna. Mama amesema hatuna hela mpaka mwisho wa mwezi."

Meza nzima ikatoa "ooh" ile ya msibani. Nikanyakua sinia langu nikaanza kutembea. Mbele yangu viti, mbele ya viti mhudumu na jagi lake na beseni, ananawisha watu watano, mmoja mmoja, kwa sabuni. Siwezi kupita. Naona kila kitu. Naona mwenyekiti ameinama na kipaza sauti, katibu na daftari la michango, mwanangu na soda mpya mkononi. Pembeni yake mzee amenipa mgongo, mfupa wa mbavu uko njiani kwenda mdomoni. Ni yeye aliyeuliza, tena kwa huruma ya kweli:

"Hela za mama zimekwenda wapi, mjukuu wangu?"

"Amezichukua baba mwenye nyumba. Zote. Baba amesema yule mzee hana hata haya."

Mfupa ukasimama hewani.

Ule mgongo nikautambua. Mwanangu hajawahi kumwona yule mzee. Mimi nilikuwa nimekaa naye sebuleni kwake wiki ileile, nikimtazama anahesabu noti mara mbili. Akageuka taratibu, kofia kwanza, kisha miwani. Nikafika. Mtoto kwa furaha akaninyooshea kipaza sauti, na neno pekee lililonitoka, kwa sauti iliyofika barabarani, lilikuwa:

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema. Akaweka mfupa chini.

Mengine yalikwenda mbio. Mwenyekiti hakuelewa kitu, akazungusha sahani nichangiwe. Ikamfikia mzee, macho yote kwake, akatoa elfu kumi. Nikakataa mpaka jasho likanitoka. Katibu akasema imeshaandikwa, daftari halifutwi, labda hela zirudi kama ahadi yangu. Zikarudi. Nyama ikapoa. Shoga yangu, kumbe alikuwa meza ya tatu muda wote, akachukua picha.

Kwa hiyo sasa mimi ni mchangiaji wa harusi ya watu nisiowajua, na wamenitia kamati ya chakula, eti walinisikia ninavyomwelekeza mchomaji. Kikao kijacho ni Jumapili saa kumi jioni, na mwenyekiti wa hiyo kamati ya chakula ni baba mwenye nyumba. Mume wangu bado hajui. Anayejua wanapokodisha masufuria makubwa ya pilau upande wa Njiro au Sakina aniandikie pembeni. Shoga, wewe usinijibu.