Chai Kutoka Kichinjioni

Nilikuwa mwaka wa pili wa udaktari wa mifugo, na zamu ya kuleta maji ya rumeni kwa somo la biokemia ilikuwa yangu. Rumeni ndilo tumbo kubwa la ng'ombe, ambamo bakteria na protozoa huchachusha majani usiku na mchana. Mwalimu alisisitiza mawili: yafike na joto lake, nyuzi 39 hivi, na yasipigwe na hewa, maana vijidudu vingi vya humo oksijeni ni sumu kwao.

Basi nikaazima chupa ya chai ya shangazi. Nasema nikaazima, yeye hakuwa na habari. Ile ya maua mekundu, ya wageni.

Alfajiri, kichinjioni Dagoretti, nikakamua majani ya tumboni kwa kitambaa, nikajaza chupa hadi shingoni, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote. Nilichosahau ni kwamba uchachushaji hutoa gesi, kaboni dayoksaidi na methani. Ng'ombe hupiga mbweu siku nzima ili asivimbe. Chupa ya shangazi haipigi mbweu.

Matatu ikakwama Kawangware. Mapajani mwangu chupa ikaanza: fssss.

"Kijana, chai yako bado inachemka?" mama wa kando akauliza.

"Kidogo tu, mama."

Nikaona nilegeze kifuniko, nusu mzunguko. PAA! Kikagonga dari. Povu la kijani likakifuata na vipande vya nyasi, likatua kwenye shati jeupe la mzee wa kiti cha mbele. Harufu yake sasa! Uchachushaji hutoa na asidi: ya asetiki ni siki, ya butiriki ni siagi iliyochacha. Zilizobaki mtu hahitaji kuzisomea.

"Nani ametapika kwa gari?" kondakta akanguruma.

Nikajitetea kisomi: "Si matapishi, kaka. Ni asidi za mafuta. Ng'ombe hupata humo kama asilimia 70 ya nguvu zake."

"Basi tumia hizo nguvu kutembea." Akafungua mlango.

Nikatembea hadi chuoni Kabete, chupa nimeikumbatia ndani ya koti kama mtoto mwenye homa. Kilichosalia hakikujaza kikombe, lakini chini ya hadubini protozoa walikuwa wakiogelea raha mustarehe.

Chupa niliiosha kwa sabuni, kwa magadi, kwa ndimu. Jumapili shangazi akawamiminia chai akina mama wa chama. Mmoja akanusa kikombe, akafumba macho.

"Haya maziwa si ya pakiti," akasema. "Nasikia boma kabisa."